Cheti cha Askari, Kamera ya Chuo

Mwezi wa Aprili 1942, miezi minne baada ya Marekani kuingia katika Vita Kuu ya Pili, jeshi la nchi hiyo lilifungua ofisi ya aina yake mjini Madison, jimbo la Wisconsin. Hapakuwa na bunduki wala ramani za mashambulizi. Palikuwa na vitabu, bahasha na stempu. Askari aliyekuwa kambini, melini au amelazwa hospitali aliweza kuandikisha jina lake, akatumiwa masomo kwa posta, akayasoma kwa wakati wake na kurudisha majibu yasahihishwe. Mwaka uliofuata ofisi hiyo ikapewa jina la Taasisi ya Majeshi ya Marekani, na kabla vita havijaisha ilikuwa imeshazaa mtihani ambao mpaka leo unafanywa na watu ambao hawajawahi kuvaa sare.

Ili kuelewa mtihani huo ulivyozaliwa, inabidi kuwaangalia vijana wenyewe. Wengi waliitwa jeshini kabla ya kumaliza sekondari. Wengine waliiacha shule zamani, katika mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, kwa sababu nyumbani palihitajika mshahara kuliko cheti. Sasa mtu ana miaka 23. Amejifunza kutengeneza redio, kusoma ramani usiku, kuwahudumia majeruhi, kuandika taarifa ambayo maisha ya wenzake yanaitegemea. Vita vikiisha, arudi kukaa dawati moja na watoto wa miaka 15?

Swali hilo lilikuwa limewahi kujibiwa vibaya. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, shule na vyuo vingi vya Marekani viliwapa askari alama za masomo kwa sababu tu walikaa jeshini, bila kupima wanachokijua. Heshima ilitolewa, elimu ikasahauliwa. Wasomi waliokumbuka jambo hilo hawakutaka lirudiwe, na Baraza la Elimu la Marekani, chombo kilichounganisha vyuo na taasisi za elimu za nchi hiyo, likaunga mkono njia nyingine: apimwe mtu mwenyewe, na akionekana anajua, apewe haki yake bila kuulizwa alijifunzia wapi.

Ralph Tyler wa Chuo Kikuu cha Chicago alisimamia upande wa mitihani. Kazi ya kuutunga mtihani huo ilimwangukia E. F. Lindquist wa Chuo Kikuu cha Iowa, mtu aliyekuwa ameshatumia miaka mingi kupima wanafunzi wa sekondari wa jimbo lake na ambaye baadaye alishiriki kubuni mashine ya kusahihisha karatasi kwa mwanga. Mtihani wao ulipewa jina refu ambalo watu walilifupisha kuwa GED, na ulikuwa na sehemu tano: kuandika kwa usahihi, kusoma na kuelewa maandishi ya jamii, maandishi ya sayansi, maandishi ya fasihi, na hesabu.

Busara ya mtihani huo ilikuwa katika namna ya kuuliza. Mtahiniwa hakudaiwa tarehe ya vita fulani au jina la gavana wa zamani. Aliwekewa kifungu cha habari mbele yake, akaulizwa mwandishi anadai nini, ushahidi wake uko wapi, na jambo gani halifuati kutoka katika maneno yake. Aliyesoma magazeti kwa makini melini aliweza kumshinda aliyekariri daftari. Naiona hiyo kuwa hatua kubwa katika historia ya elimu ya watu wazima, kwa sababu ilikubaliwa kwa maandishi kwamba maisha nayo hufundisha, na kwamba mafunzo hayo yanaweza kupimwa kwa haki.

Msomaji wa Tanzania atakumbuka Mtihani wa Maarifa, ule tuuitao QT, ambao mtahiniwa wa kujitegemea asiyepitia sekondari kwa njia ya kawaida huufanya kabla ya kuruhusiwa kukaa mtihani wa kidato cha nne. Tofauti ni moja. QT hufungua mlango wa mtihani mwingine. GED ndiyo inayomaliza kazi: ukifaulu, jimbo linakupa cheti kinachohesabiwa kuwa sawa na cha sekondari.

Tarehe 22 Juni 1944, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya kuwasaidia askari waliorudi, na serikali ikaahidi kulipia karo, vitabu na posho ya kujikimu. Askari wapatao milioni 7.8 walitumia nafasi hiyo kwa masomo na mafunzo ya aina mbalimbali, na milioni 2.2 kati yao waliingia vyuoni. Mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wote wa vyuo vya Marekani walikuwa wametoka jeshini. Askari weusi walipigana vita hivyo hivyo, lakini vyuo vingi vya kusini viliwafungia mlango kwa rangi yao, na ofisi za mitaa zilizotakiwa kuwahudumia mara nyingi ziliwanyima walichostahili. Doa hilo halifutiki kwa takwimu za wale waliofanikiwa.

Hapo ndipo anapoingia George Zook. Alikuwa rais wa Baraza la Elimu la Marekani, lile lile lililoulea mtihani wa GED, na mwaka 1946 Rais Harry Truman alimpa uenyekiti wa tume ya kuchunguza elimu ya juu. Ripoti ya tume ilianza kutoka mwaka uliofuata. Ilitaka ubaguzi wa rangi na dini uondolewe vyuoni, na ilitaka miaka miwili ya kwanza baada ya sekondari itolewe bila malipo, karibu na mahali watu wanapoishi na kufanya kazi. Vyuo vya namna hiyo ikaviita vyuo vya jamii.

Vyuo vyenyewe havikuwa vipya kabisa. Kile cha Joliet, jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901 kikiwa na wanafunzi sita, ndani ya shule ya sekondari, baada ya mkuu wake J. Stanley Brown kukubaliana na William Rainey Harper wa Chuo Kikuu cha Chicago. Tume ya Truman iliwapa watu kama Brown ramani ya nchi nzima. Katika miaka ya 1960 vyuo hivi vilifunguliwa kwa kasi ambayo Marekani haikuwahi kuiona, vingine vikianzia katika maghala na majengo ya kupanga. Sharti lao kuu lilikuwa kupokea kila mtu mzima wa eneo lao aliyetaka kujifunza.

Wakati huo huo mtihani wa askari ulikuwa unahamia uraiani. New York ilianza mwaka 1947 kuwaruhusu raia wa kawaida kuufanya, na majimbo mengine yakafuata moja moja, mpaka California ikaja ya mwisho katika miaka ya 1970. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, raia waliokuwa wakiufanya walikuwa wamewazidi wanajeshi: mama aliyeacha shule akiwa mjamzito, kibarua wa mashambani, mfungwa, mhamiaji. Watu hawa walihitaji mahali pa kujiandaa, na mahali palipowafaa zaidi palikuwa darasa la jioni la chuo cha jamii. Ndivyo mambo mawili yaliyopita mikononi mwa Zook yalivyokutana katika jengo moja.

Na filamu je? Iliingia kwa mlango wa pembeni, na mfano unaojulikana zaidi hauna hata darasa la filamu ndani yake.

Tarehe 12 Juni 1962, siku chache kabla ya mahafali ya sekondari, kijana wa Modesto, California, alikuwa akirudi nyumbani kwa gari lake dogo la Kiitaliano alipogongwa na gari lingine. Lake likaviringika na kujibamiza kwenye mti. Mkanda wa kiti ulikatika, akarushwa nje, na kukatika huko ndiko kulikomwokoa. Jina lake George Lucas. Alikuwa mwanafunzi wa alama hafifu aliyependa mbio za magari kuliko kitu chochote. Alipopona aliandikishwa Modesto Junior College, chuo cha mji wake ambacho hakikujali alama zake za zamani. Alisoma anthropolojia, sosholojia na fasihi, na kwa mara ya kwanza masomo yakamshika. Akaanza pia kuchezea kamera ya milimita 8. Mwaka 1964 alimaliza miaka yake miwili, akahamia Chuo Kikuu cha Kusini mwa California kusomea filamu. Mwaka 1973 alitoa American Graffiti, filamu kuhusu vijana wa Modesto na magari yao, na mwaka 1977 Star Wars.

Chuo cha Modesto hakikumfundisha kamera. Kilimfundisha kwamba anaweza kusoma, na hilo ndilo alilokuwa amelikosa. Tom Hanks naye alitumia miaka miwili ya katikati ya miaka ya 1970 katika Chabot College mjini Hayward, na mwaka 2015 aliandika makala katika New York Times kueleza kwamba mafanikio yake yote anayadai chuo hicho. Wakati wao vyuo vya jamii vya California havikuwa na karo. Ada ilianza kutozwa mwaka 1984.

Darasa la filamu lenyewe lilipofika katika vyuo hivi, lilikuja na tatizo lake: vifaa. Mwandishi anahitaji kalamu, lakini mpiga filamu alihitaji kamera, taa, kinasa sauti, meza ya kukatia na maabara ya kusafishia. Chukua Bolex ya milimita 16, kamera ya Uswisi ambayo wanafunzi wengi wa filamu waliijifunzia. Ilijazwa nguvu kwa kuzungusha kishikio kama saa ya zamani, na ilibeba utepe wa futi 100. Kila futi ina picha 40, kwa hiyo utepe mzima una picha 4,000. Ukipiga picha 24 kwa sekunde, utepe unaisha kabla dakika tatu hazijatimia. Kila sekunde iligharimu fedha, kwanza dukani na tena maabara. Kijana maskini asingeweza kununua hata wiki moja ya mazoezi. Chuo kiliweza kununua kamera chache, kikaziazimisha kwa zamu, na mwanafunzi akalazimika kupiga hesabu na kufikiri kabla ya kubonyeza.

Kanda za video zilipopata bei nafuu, madarasa yakaongezeka. Mmojawapo wa waliopita huko ni Eduardo Sánchez, mzaliwa wa Cuba aliyekulia Maryland, ambaye alisoma Montgomery College kabla ya kuhamia chuo kikuu huko Florida. Florida akakutana na Daniel Myrick. Mwezi wa Oktoba 1997 wawili hao waliwapeleka waigizaji watatu katika msitu wa Seneca Creek, kwenye wilaya ile ile ya Maryland kilipo chuo chake cha kwanza, wakawapa kamera wajipige wenyewe kwa siku nane. Filamu yao, The Blair Witch Project, ilitoka mwaka 1999 na kuingiza karibu dola milioni 250 duniani.

Lakini habari za wakurugenzi mashuhuri zinaweza kupotosha. Chuo cha jamii hakipo ili kila baada ya miaka ishirini kitoe mtu mashuhuri. Kipo kwa ajili ya yule anayefunga taa, anayejenga ukuta wa mbao utakaoonekana kama jumba, anayesikiliza sauti, anayejua waya upi unabeba mzigo upi. Valencia, chuo cha Orlando, kililielewa hilo mapema. Studio za Disney zilifunguliwa mjini hapo mwaka 1989 na za Universal mwaka 1990, na chuo kikaanzisha mafunzo chini ya Ralph Clemente kwa njia rahisi kuieleza na ngumu kuitekeleza: mtengenezaji halisi analeta filamu halisi, na kikosi cha kazi ni wanafunzi. Mwanafunzi alimaliza masomo jina lake likiwa tayari kwenye filamu.

New Mexico ilifuata njia hiyo kwa jimbo zima. Mwaka 2002 jimbo hilo, mojawapo ya yale maskini zaidi Marekani, lilipitisha unafuu wa kodi kwa watengenezaji wa filamu. Watengenezaji wakaja, ila mwanzoni mafundi wengi walitoka nao nje. Basi jimbo, vyuo vya jamii na chama cha wafanyakazi wa filamu vikashirikiana kufundisha wenyeji. Chuo kimojawapo ni kile cha Albuquerque kilichoanza mwaka 1965 kama chuo cha ufundi na sasa kinaitwa Central New Mexico Community College. Mji huo huo ndio ilikopigwa tamthilia ya televisheni Breaking Bad, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2008, na mwaka 2018 Netflix ilinunua studio kubwa iliyopo hapo. Chuo hicho kinafundisha ufundi wa filamu, na kinaandaa pia watu wazima kwa cheti cha usawa wa sekondari.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu kuwa na madarasa hayo mawili chini ya paa moja hakutoshi. Mwaka 1993 wachumi Stephen Cameron na James Heckman walichapisha utafiti ulioumiza wengi. Walilinganisha watu waliopata cheti cha usawa na wale waliomaliza sekondari, wakakuta kwamba katika soko la kazi wenye cheti cha usawa walifanana zaidi na walioacha shule. Wengine waliusoma utafiti huo kama hukumu dhidi ya watahiniwa. Mimi nauona kuwa hukumu dhidi ya mpango uliomfikisha mtu mlangoni ukamwacha hapo. Askari wa 1945 alipata cheti, na siku hiyo hiyo kulikuwa na karo iliyolipwa na chuo kilichomsubiri. Raia wa 1990 mara nyingi alipata karatasi tu.

Fedha nazo zilitatiza. Bila cheti cha sekondari au cha usawa, mwanafunzi maskini hapati kirahisi ruzuku ya Pell, msaada mkuu wa serikali kwa karo. Zamani aliweza kuipata kwa kufaulu jaribio la kuonyesha kwamba anaweza kufuata masomo. Kuanzia Julai 2012 Bunge la Marekani liliondoa njia hiyo, kisha mwishoni mwa 2014 likairudisha kwa sehemu, kwa wale tu wanaosoma ufundi na masomo ya msingi kwa pamoja katika mpango mmoja.

Sharti hilo halikutoka hewani. Tangu mwaka 2004, vyuo vya jamii vya jimbo la Washington vilikuwa vikijaribu kuweka walimu wawili katika darasa moja, mmoja wa ufundi na mwingine wa lugha na hesabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia waliwafuatilia wanafunzi hao, wakaona wanapata alama za chuo na vyeti vya kazi zaidi kuliko wenzao waliotakiwa kumaliza kwanza masomo ya msingi ndipo waanze ufundi. Njia hiyo imetumika zaidi kwa wauguzi wasaidizi, wachomeleaji na kazi za ofisini. Filamu inastahili kuwamo. Taa ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 120 inavuta karibu ampea 17. Waya wa ampea 20 unaibeba. Ongeza taa ya pili kama hiyo kwenye waya huo na zote mbili zinazimika. Mwanafunzi aliyeyaona hayo mara moja hatauliza tena kugawanya kuna kazi gani, na hesabu hiyo ni ya kiwango kile kile anachodaiwa kwenye mtihani.

Mwaka 2014 ukaleta msukosuko mwingine. Baraza la Elimu lilikuwa limeingia ubia na kampuni ya Pearson, na mtihani mpya ukatoka: mgumu zaidi, wa kompyuta tupu, na katika majimbo mengi wa bei kubwa kuliko zamani. Waliofaulu walipungua sana mwaka huo. Baadhi ya majimbo yakahamia mitihani mingine, ukiwamo HiSET, na mwaka 2016 alama ya kufaulu GED ikashushwa kutoka 150 hadi 145. Masomo sasa ni manne: lugha, hesabu, sayansi na jamii.

Habari hizi zinatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Katika miaka kadhaa ya muongo wa 2010, Wakongo ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokewa Marekani, na wengi wao walifika na Kiswahili chao, wakiwa wamekaa miaka katika kambi kama Nyarugusu na Kakuma. Aliyefika na miaka 16 alipelekwa sekondari. Aliyefika na miaka 22 alikuta mlango umefungwa, kwa kuwa katika majimbo mengi shule za umma hukoma kupokea wanafunzi wakifika miaka 20 au 21. Kwake njia ni darasa la watu wazima na mtihani wa usawa, na mtihani huo unatolewa kwa Kiingereza na Kihispania tu.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na ndugu huko ambaye shule ilikatizwa na vita na ambaye anashinda akipiga video za harusi na za kanisani kwa simu yake, usimwambie aache mambo ya picha kwanza asome. Mpeleke chuo cha jamii kilicho karibu naye, aanzie ofisi ya elimu ya watu wazima, ambako mara nyingi matayarisho ya mtihani na Kiingereza ni bure au kwa ada ndogo. Aulize jimbo lake linatumia mtihani gani, na nani anaulipia. Kisha aulize kama anaweza kuanza darasa la ufundi wa filamu akiwa bado anajiandaa, na kama ruzuku itamruhusu kusoma vyote viwili. Akijibiwa hapana, aombe kuonana na mshauri wa masomo na aulize tena.